Choo Juu ya Zege

Watu wakijua kwamba nilifanya kazi Haiti baada ya tetemeko la 2010, swali lao la kwanza huwa la vifusi: uliwatoa wangapi? Sikumtoa hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa vyoo, maji ya kunywa na sabuni. Mimi ni bibi afya kwa taaluma, mzaliwa wa Ngara, na shirika lililoniajiri lilinipeleka Port-au-Prince kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na vyoo vya makambini tangu ujana wangu. Naandika haya kwa sababu kila tetemeko linapotokea nchi za mbali, televisheni hutuonyesha mbwa wa kunusa na waokoaji wenye kofia ngumu kwa wiki moja, kisha habari inahamia kwingine. Baada ya wiki hiyo ndipo inapoanza kazi ya kuwalinda walionusurika wasife kwa maradhi, na kazi hiyo hakuna anayekuja kuipiga picha.

Tetemeko lenyewe lilipiga Jumanne, tarehe 12 Januari 2010, saa 10 na dakika 53 jioni. Kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, kilomita 25 hivi magharibi mwa Port-au-Prince, na ukubwa wake ulikuwa 7.0. Lilianzia kina kifupi, kama kilomita 13 tu chini ya ardhi, ndiyo maana lilifika juu likiwa na nguvu zake zote. Ikulu ilianguka, kanisa kuu la Kikatoliki likaanguka, wizara nyingi, shule na hospitali vilevile. Makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa yaliporomoka na kumuua mkuu wake, Hédi Annabi. Kwa jumla Umoja wa Mataifa ulipoteza watumishi 102. Serikali ya Haiti ilitaja waliokufa kuwa zaidi ya 300,000. Wapo wataalamu wanaotaja idadi ndogo kuliko hiyo, na ubishi huo haujaisha hadi leo, kwani wengi walizikwa kwenye makaburi ya halaiki bila kuandikwa popote. Waliobaki bila makazi walikuwa milioni 1.5.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 8.8. Kwa hesabu za wataalamu, nishati yake ilikuwa karibu mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa walikuwa takriban 500. Chile imeyazoea matetemeko, likiwemo la 1960 ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na sheria zake za ujenzi zinasimamiwa. Port-au-Prince ilikuwa haijapigwa na tetemeko kubwa tangu 1770. Wajenzi wake walikuwa wakiogopa kimbunga, na kinga ya kimbunga ni paa zito la zege ambalo upepo hauwezi kulibeba. Paa hilohilo, likiwa limesimama juu ya nguzo nyembamba zenye nondo chache na kuta za tofali zenye mchanga mwingi kuliko saruji, ndilo lililowalalia wenye nyumba. Katika eneo la Delmas mjini humo niliokota kipande cha tofali, nikakifinya, kikamomonyoka kiganjani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliijenga kidogo kidogo kwa miaka, mfuko mmoja wa saruji kila alipopata fedha, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa mfuko huo anauchanganya na mchanga mwingi mno.

Waliookolewa waliokolewa na nani? Na majirani, kwa mikono, kwa nyundo, kwa jeki za magari. Timu za uokoaji za kimataifa zilifika kwa wingi na zilifanya kazi ya kishujaa. Ziliwatoa watu zaidi ya 130 wakiwa hai. Lakini saa za kwanza, ambazo ndizo zinazoamua nani atapona, zilikuwa zimeshapita wakati ndege zao ziko angani. Nimewasikia Wahaiti wengi wakisimulia jinsi walivyokesha usiku ule wa kwanza wakiitana majina juu ya vifusi, na kuacha kuchimba pale tu sauti ya chini ilipokoma.

Kuna mchango mmoja wa siku zile ambao sisi wa Afrika Mashariki tunastahili kuujua. Baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, Kenya ilipokuwa ikiungua, vijana wa Nairobi na wenzao walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi, ya kukusanya taarifa za ghasia kwa simu na kuziweka kwenye ramani. Haiti ilipoanguka, programu hiyo iliwashwa ndani ya saa chache. Mtu aliyekwama, au aliyeona kituo cha watoto hakina maji, aliweza kutuma ujumbe bure kwenda namba 4636. Ujumbe uliandikwa kwa Krioli. Wahaiti waishio ughaibuni waliutafsiri, wanafunzi wa kujitolea huko Boston wakauweka kwenye ramani. Miongoni mwa karatasi za mwanzo nilizopewa kazini ilikuwemo ramani ya mitaa iliyochorwa na watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Haiti. Bila karatasi ile dereva wetu angekuwa akiuliza njia kila kona, maana alama zote za mjini zilikuwa chini.

Uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja tu ya kurukia, na mnara wake wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibika. Winchi za bandarini zilikuwa zimetumbukia baharini. Kwa hiyo wengi wetu tuliingia kwa barabara kutoka Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, tukivuka mpaka wa Jimaní tukiwa tumebanwa katikati ya malori. Njiani humo niliona mambo ambayo wanaotoa misaada hawayaoni. Lori la sabuni lilikuwa limekwama nyuma ya lori la makoti ya baridi, na Haiti ni nchi ya joto mwaka mzima. Hakuna aliyetuma makoti yale kwa nia mbaya. Lakini kila furushi lisiloombwa linachukua nafasi barabarani, ghalani na mikononi mwa wapakuaji, na linalochelewa nyuma yake huwa ndilo linalohitajika.

Sasa niseme kuhusu vyoo.

Kwetu Ngara, mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu, wakaweka kambi Benaco. Nilikuwa msichana niliyetoka chuoni karibuni. Nilijifunza pale kwamba mkimbizi aliyeponyoka panga anaweza kufa kwa kinyesi, chake au cha jirani yake. Miezi michache baadaye, Goma, upande wa Zaire ya wakati ule, kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika wiki chache. Mashirika yalikuwa mengi, fedha zilikuwepo, kamera zilikuwepo. Tathmini iliyofuata iliwaumiza vichwa wakubwa wa misaada, na kuanzia 1997 wakakaa kuandika kitabu cha viwango kinachoitwa Sphere. Kitabu hicho kinasema, pamoja na mengine, kwamba mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250, choo kimoja watu wasiozidi 20, na choo kisiwe mbali na makazi zaidi ya mita 50. Nilipokuwa Haiti, wenzangu vijana walizitaja namba hizo kama za kawaida tu. Mimi nilikuwa najua zilitoka kwenye makaburi gani.

Zipigie hesabu kwa Port-au-Prince. Watu milioni 1.5, choo kimoja kwa watu 20, ni vyoo 75,000. Maji lita 15 kwa kila mmoja ni lita milioni 22.5 kwa siku, yaani safari 2,250 za boza la lita 10,000, kila siku, katika mji ambao barabara zake nyingi zimezibwa na vifusi. Viwango hivyo hatukuvifikia kwa muda mrefu, na kwa vyoo kuna kambi ambazo hazikuvifikia kamwe.

Benaco tulichimba. Ardhi ilikuwepo, tukawapa watu majembe, mashimo yakapatikana. Port-au-Prince watu walikuwa wamekimbilia kila penye uwazi: uwanja wa Champ de Mars mbele ya Ikulu iliyoanguka, maegesho ya magari, viwanja vya shule, hata kwenye ukanda mwembamba katikati ya barabara kule Carrefour, magari yakipita kulia na kushoto kwa mahema. Kwenye uwanja wa gofu wa Pétionville walijaa watu wapatao 50,000. Chini ya miguu yao ni lami au zege, au ardhi ya mtu binafsi ambaye hataki kusikia habari ya shimo, kwa kuwa shimo kwake ni dalili kwamba watu hawa hawataondoka. Mabondeni kwenyewe, kama Cité Soleil, ukichimba kidogo unakutana na maji.

Kwa hiyo choo kilijengwa kwenda juu. Unasimamisha jukwaa la mbao lenye urefu wa kifua cha mtu, unaweka juu yake vyumba vya turubai vyenye sakafu ya plastiki yenye tundu, na chini ya jukwaa unaweka matangi. Mtu anapanda ngazi kwenda haja. Ni choo kinachofaa, lakini angalia wanaokitumia: bibi mwenye magoti mabovu, mama mjamzito, mtoto wa miaka minne, na maelfu waliovunjika au kukatwa miguu siku ya tetemeko. Seremala wetu, Mhaiti, ndiye aliyetatua hilo bila kuelekezwa na mtaalamu yeyote. Alipunguza kimo cha ngazi, akaongeza idadi yake, akatia mhimili wa kushikia pande zote mbili, na kwenye kila safu ya vyoo akajenga kimoja chenye mteremko na kiti. Michoro yake ilinakiliwa na kambi za jirani.

Tangi likijaa, linapelekwa wapi? Hili ndilo swali ambalo mfadhili haulizi. Port-au-Prince, mji wa watu zaidi ya milioni mbili, haukuwa na mtandao wa majitaka wala mtambo hata mmoja wa kusafisha kinyesi. Magari ya kunyonya yalikwenda kumwaga Truitier, kwenye jalala kubwa la mji, ndani ya mashimo ya wazi. Na pale gari lisipoweza kupita, kazi ilifanywa na watu wanaoitwa bayakou. Hawa hutapisha vyoo usiku kwa ndoo, wakiingia shimoni wenyewe, na wengi wao huficha kazi hiyo hata kwa wake zao kwa sababu jamii inawadharau. Huku kwetu Dar es Salaam nao wapo, tunawajua. Nilifanya nao kazi na ninawaheshimu kuliko wakurugenzi wengi niliopata kukaa nao meza moja. Walipopewa mabuti, glavu, ujira unaoeleweka na mahali pa kuogea baada ya kazi, kambi tuliyokuwa tukiihudumia haikufurika tena. Lipo pia shirika la hukohuko Haiti, SOIL, lililoanzishwa 2006, ambalo lilileta kambini vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, kisha likageuza kinyesi hicho kuwa mboji salama kwa mashamba. Mtambo wa kwanza wa serikali wa kusafisha majitaka, ule wa Morne à Cabrit, ulifunguliwa 2011. Kama tetemeko lile lilileta jambo lolote jema katika fani yangu, basi ni hilo.

Jambo la wanawake na usiku sitalipita haraka. Ubakaji katika kambi zile ulikuwa tishio la kila siku, na mashirika ya haki za binadamu yameuandika kwa kirefu. Katika kambi moja ya Delmas vyoo vilikuwa vimejengwa pembeni kabisa, kando ya ukuta, ili harufu isiwasumbue watu. Kwenye ramani palionekana pazuri. Asubuhi nilikuwa nikiona mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri ikiwa imetupwa nyuma ya mahema, nikajua usiku wanawake hawaendi. Nikaomba kukaa na kamati yao bila mwanamume yeyote, hata mkalimani wangu nikamwacha nje, nikategemea Kifaransa changu na uvumilivu wao.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa, ambaye wote walimwita Madan pamoja na jina la mumewe ijapokuwa mumewe alikuwa kafia kwenye kifusi, ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Binti yangu," aliniambia, "mmeweka mlango unatazama ukuta. Nikitoka siwezi kujua nani amesimama. Ugeuzeni utazame mahema yetu."

"Madan, wengine watasema ni aibu, watu watawaona mkiingia."

"Watuone. Anayeonekana anaingia ataonekana pia kama hajatoka."

Wakataka pia komeo la ndani, taa, na turubai nzito isiyoonyesha kivuli cha mtu taa ikiwa imewashwa. Hili la kivuli sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote. Wakataka mahali pa kufulia vitambaa vya hedhi pasipoonekana na watoto wa kiume. Tuliyafanya yote, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na ya kujenga vyoo vyenyewe, na ile mifuko ya asubuhi ikapungua hadi ikawa nadra. Tangu siku hiyo sikubali mchoro wa choo upite mkononi mwangu kabla wanawake wa mahali hapo hawajautolea maoni.

Shirika la Chakula Duniani nalo lilikuwa limefika kwenye ukweli huohuo kwa njia yake. Mgao wa mwanzo wa mchele ulikuwa vurugu, wenye nguvu wakibeba na wadhaifu wakirudi mikono mitupu. Mwishoni mwa Januari wakafungua vituo 16 mjini na kutoa kuponi kwa wanawake peke yao. Kila mwenye kuponi alipata gunia la kilo 25. Wanaume waliwasindikiza kubeba. Foleni zilitulia, na chakula kikafika jikoni.

Maji yana kazi yake ya kila saa. Boza linajaza mfuko mkubwa wa mpira uliolazwa juu ya jukwaa la mifuko ya mchanga, maji yanateremka kwa mteremko wake hadi kwenye mabomba. Kabla mtu hajakinga ndoo, unapima klorini. Kifaa chake ni kijiboksi cha plastiki chenye vishimo viwili, kidogo kuliko simu. Unakijaza maji, unatia kidonge kimoja cha DPD, unatikisa, unainua kwenye mwanga. Yakibaki meupe, hakuna klorini iliyosalia na maji hayo hayana ulinzi. Yakigeuka waridi hafifu, kuna kiasi kidogo. Unalinganisha na rangi za pembeni. Tulitaka isomeke 0.5, yaani nusu miligramu kwa lita, ili hata ndoo ikikaa hemani hadi jioni, mkono wa mtoto ukitumbukia, bado kuwe na dawa ya kutosha. Chini ya hapo tulirudisha boza. Madereva walikasirika, na nilielewa hasira zao: wanalipwa kwa safari. Lakini vijana na akina mama wa kambini tuliowafundisha kupima walikuwa wakali kuliko mimi. Walijua majina ya watakaokunywa.

Lipo somo tulilolipata polepole. Wakazi wengi wa Port-au-Prince walizoea kununua maji ya kunywa yaliyochujwa, ya kwenye vibanda, yasiyo na harufu. Maji yetu ya bure yenye harufu ya dawa waliyaona ya kufulia. Tungeweza kuhubiri hadi sauti zikauke. Kilichosaidia ni kukaa na wenye kaya na kuwaonyesha kuwa maji yakiachwa wazi nusu saa kwenye chombo kisafi harufu hupungua, na kupunguza dawa pale tulipokuwa tumezidisha bila sababu. DINEPA, idara ya maji ya Haiti iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi tetemeko lilipotokea, ndiyo iliyoongoza mikutano ya sekta yetu, kwa Kifaransa. Nasema hili kwa makusudi. Mikutano mingi ya sekta nyingine ilifanyika kwa Kiingereza ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, ambako Mhaiti wa kawaida hakuweza kupita getini. Na katika fedha zote za dharura zilizotolewa na serikali wafadhili na mashirika yao, ni karibu asilimia 1 tu iliyopitia serikali ya Haiti. Watu wakiniuliza kwa nini nchi ile haikusimama baada ya mabilioni yale, huwa naanza kujibu kwa namba hiyo.

Oktoba 2010 tulikuwa tukijiandaa kwa vimbunga. Kilichokuja ni kipindupindu.

Haiti haikuwa imeandika mgonjwa wa kipindupindu kwa karne nzima. Wagonjwa wa kwanza walionekana katikati ya mwezi katika bonde la mto Artibonite, mbali na mji mkuu, mahali ambapo tetemeko halikuharibu sana. Watu walikunywa maji ya mto kama siku zote, jioni wakawa wanaharisha maji kama ya kuoshea mchele, asubuhi baadhi yao wamekufa. Mwili wa mtu mzima unaweza kupoteza lita 10 na zaidi kwa siku kwa ugonjwa huu. Dawa yake ya kwanza haina ufundi mkubwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na mtu wa kukaa karibu akimnywesha mgonjwa bila kuchoka. Anayenyweshwa mapema kwa kawaida hupona. Lakini watu hawakuwa na mazoea ya ugonjwa huu, hata wauguzi wengi walikuwa hawajawahi kuuona. Mimi nilikuwa nimeuona. Nilipigiwa simu usiku, nikaelezwa dalili, nikakaa chini.

Ulitoka wapi? Wachunguzi, akiwemo daktari Mfaransa Renaud Piarroux, waliufuata mto kwenda juu hadi karibu na Mirebalais, kwenye kijito cha Meille. Kando yake kulikuwa na kambi ya wanajeshi wa kulinda amani waliotoka Nepal, nchi iliyokuwa na kipindupindu mwaka huo. Jopo la wataalamu lililoteuliwa na Umoja wa Mataifa lenyewe liliripoti mwaka 2011 kwamba mabomba ya majitaka ya kambi ile yalikuwa yameungwa ovyo na kinyesi kilikuwa na njia ya kufika mtoni. Vipimo vya vinasaba vya vijidudu vya Haiti na vya Nepal vilifanana. Watu zaidi ya 800,000 waliugua, na karibu 10,000 walikufa. Desemba 2016, Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti, akatangaza mpango wa dola milioni 400. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ndiyo iliyochangwa.

Nimelitafakari hili kwa miaka. Wanajeshi wale walikuja kusaidia, na wao pia hawakujua walichobeba. Lakini kujua ilikuwa kazi ya waliowatuma. Choo kimoja kilichojengwa bila usimamizi na watu waliokuja kwa jina la msaada kiliua maelfu, katika nchi ambayo dunia nzima ilikuwa imeichangia. Anayesema vyoo ni jambo dogo katika maafa aende Artibonite.

Na sasa jambo ambalo halikutangazwa vya kutosha. Kipindupindu kilipofika Port-au-Prince, wengi tulidhani kambi zitafyekwa. Katika miezi ya mwanzo kambi nyingi ziliathirika kidogo kuliko mitaa ya kawaida ya mabondeni kama Cité Soleil, ambayo haikuwa na maji yenye klorini. Watu waliolala chini ya turubai walipona kuliko waliolala chini ya bati, kwa sababu ya maboza yale, vidonge vile vya waridi, sabuni, na akina mama waliosimama bombani asubuhi na jioni. Hii ndiyo hesabu ya waliookolewa ambayo hakuna anayeniuliza, kwani aliyeokolewa namna hii mwenyewe hajui.

Mwaka 2016, tarehe 10 Septemba, ardhi ilitikisika mkoani kwetu Kagera. Lilikuwa tetemeko la 5.9. Bukoba watu wasiopungua 17 walikufa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Nilikwenda kwa kuwa ni nyumbani. Wengi waliohamia uani walikuwa wakiulizwa kuhusu mablanketi na unga. Nami niliuliza choo kiko wapi, kwani nyumba ikipasuka choo cha shimo nacho hupasuka, na kuta zake hutitia. Kwa wanaotaka kusaidia, iwe Bukoba au ng'ambo, ushauri wangu ni wa moja kwa moja: tuma fedha kuliko vitu, na kabla ya kutuma uliza shirika hilo linaongozwa na nani kule, kinyesi cha watu linaowahudumia kinamwagwa wapi, na nani anapima maji. Shirika linalofanya kazi kweli litakujibu siku hiyohiyo.

Februari 2022 Haiti ilitangazwa kuwa imekishinda kipindupindu, baada ya miaka mitatu bila mgonjwa hata mmoja kuthibitishwa. Oktoba mwaka huohuo kikarudi, wakati magenge yakiwa yamefunga bohari kuu ya mafuta na pampu za maji zimesimama. Mmoja wa wale tuliowafundisha kupima, ambaye siku hizi ni mama wa watoto watatu na hulipwa na kamati ya mtaa wake kusimamia kioski cha maji, aliniandikia wiki hiyo. Hakuomba fedha. Alisema klorini anayo, kijiboksi chetu cha zamani bado anacho, ila vidonge vya DPD vimeadimika mjini na hataki kukisia kwa pua. Niliwatafuta wenzangu walioko Santo Domingo. Pakiti ya kwanza ilimfikia kwa mkono wa dereva wa lori.